Ruta katika Nyumba za Carama: Historia ya Waya na Kisanduku Chake

Ruta ni kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya mmoja na kuigawa, kwa waya au kwa mawimbi ya redio, kwa simu, kompyuta na televisheni zote za nyumba. Katika Carama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ulio katika zoni ya Kinama, tarafa ya Ntahangwa, kisanduku hicho ni mgeni wa karibuni. Kabla yake, mjini kwa jumla, zilipita simu za waya wa shaba, madishi ya setilaiti, minara ya simu za mkononi na modemu za kuchomeka kwenye kompyuta. Anayechagua ruta leo anarithi mambo yaliyoachwa na kila mojawapo ya hatua hizo, na ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Chicago au Berlin humfaa nusu tu.

Bujumbura imekua kwa vipande. Buyenzi na Bwiza ni mitaa ya enzi za Wabelgiji, na Buyenzi ndiyo iliyobaki kitovu cha Kiswahili mjini. Ngagara ilijengwa katika miaka ya 1950 na ofisi ya makazi ya kikoloni iliyoitwa OCAF, na wapo wanaouita mtaa huo kwa jina hilo hadi leo. Carama ni ya baadaye sana. Viwanja vyake vilijengwa hasa katika miaka ya 2000, wakati vita vilivyoanza mwaka 1993 vilipokuwa vikielekea ukingoni na mji ukitafuta nafasi kwenye tambarare ya Imbo, upande wa barabara ya Bubanza. Umri huo wa mtaa unaeleza mengi. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Telecel, ilianza kazi mwaka 1993, kwa hiyo mtu aliyejenga Carama miaka kumi au kumi na mitano baadaye hakuwa na sababu kubwa ya kusubiri waya wa simu ya mezani. Alihamia akiwa na simu mfukoni. Ukuta wa sebule yake haukuwahi kutobolewa kwa ajili ya mawasiliano.

Katika mitaa ya zamani mambo yalikuwa mengine. ONATEL, shirika la taifa la mawasiliano, liliundwa mwaka 1979, na kwa muda mrefu simu ilimaanisha waya wake wa shaba uliofika ofisini na katika nyumba chache za watu wenye uwezo. Jina la nchi katika intaneti, .bi, lilisajiliwa mwaka 1996. Mawasiliano na dunia yalipitia setilaiti zilizosimama juu ya ikweta umbali wa kilomita karibu 36,000, na mawimbi hayana njia ya mkato: swali kupanda hadi huko na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka tena, huchukua takriban nusu sekunde. Megabiti moja ya setilaiti iligharimu kwa mwezi fedha ambazo familia ya kawaida isingeweza kuzifikiria, hivyo intaneti ilinunuliwa kwa dakika katika saiba za katikati ya mji. Nyumbani, kwa aliyebahatika, palikuwa na modemu iliyopiga simu kupitia waya wa shaba na kuhudumia kompyuta moja. Hakuna aliyeulizia ruta, kwa kuwa hapakuwa na cha kugawa.

Wakati huohuo, mbali na Bujumbura, kifaa chenyewe kilikuwa kinapata umbo. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu masafa fulani ya redio, yakiwemo ya gigahezi 2.4, yatumiwe na vifaa vya mawasiliano bila leseni. Masafa hayo yalikuwa yakionwa kama takataka, kwani ndiyo yanayotumiwa na majiko ya mikrowevu. Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango cha kwanza cha mtandao wa kompyuta usiotumia waya, 802.11, chenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Miaka miwili baadaye kikaja 802.11b cha megabiti 11, na katika mwaka huohuo wa 1999 kampuni zilizounda umoja wa kukitangaza zikakipa jina lililo rahisi mdomoni: Wi-Fi. Jina hilo si kifupisho cha maneno yoyote. Lilibuniwa na wataalamu wa majina ya biashara.

Ruta za nyumbani zilishika soko baada ya hapo. Iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni WRT54G ya Linksys, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002: kisanduku cha buluu na nyeusi chenye antena mbili. Watu wadadisi waligundua kwamba programu ya ndani yake ilijengwa juu ya Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa hadharani, na mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao hadi leo unazipa uhai mpya ruta zilizotelekezwa na watengenezaji wake. Kwa nchi ambako kifaa hutumika hadi kife, hili lina thamani kubwa. Ruta yenye umri wa miaka minane inayokubali OpenWrt inaweza kupata marekebisho ya usalama ambayo kampuni yake iliacha kuyatoa zamani.

Waya unaoilisha ruta nao una historia yake, kuanzia na kebo. Katika Marekani na sehemu za Ulaya, intaneti ya kasi ilipita kwanza kwa wengi katika waya mnene wa televisheni, kwa kufuata kiwango cha DOCSIS kilichotolewa mwaka 1997. Afrika Mashariki haikuwa na waya huo chini ya mitaa yake. Jaribio kubwa zaidi katika eneo hili lilifanyika Kenya, ambako kampuni ya Wananchi, kwa jina la Zuku, ilivuta kebo za televisheni na intaneti pamoja katika mitaa ya Nairobi na Mombasa. Wateja wa huko walijifunza jambo ambalo baadaye lingewafaa watu wa Bujumbura pia: modemu na ruta ni vitu viwili, hata vinapokaa ndani ya boksi moja. Modemu huzungumza na mtoa huduma, nayo lazima isajiliwe kwake. Ruta huzungumza na nyumba, nayo inaweza kuwa ya mwenye nyumba. Ujerumani iliona jambo hili lina uzito wa kutosha kutungiwa sheria. Tangu tarehe 1 Agosti 2016, mteja wa huko ana haki ya kuchomeka kifaa chake mwenyewe, na kampuni hairuhusiwi kumlazimisha kutumia cha kwake.

Kilichobadilisha hali ya Burundi kilianzia baharini. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa faiba wa chini ya bahari unaoiunganisha na dunia. Mwezi Julai mwaka huo SEACOM ilianza kazi, ikafuatiwa na TEAMS huko Mombasa, na mwaka 2010 na EASSy. Lakini Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na mkongo wa baharini haufiki bara wenyewe. Tanzania ilijenga mkongo wake wa taifa hadi mipakani, ukiwemo mpaka wa Kabanga upande wa Ngara. Njia nyingine ilipitia Rwanda. Ndani ya Burundi kazi ilifanywa na Burundi Backbone System, BBS, kampuni iliyoundwa kwa ubia wa waendeshaji wa simu na intaneti wa nchini kwa msaada wa serikali. Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha takriban dola milioni 20 kwa ajili ya Burundi mwaka 2007, katika mpango wa kanda uliohusu pia Kenya na Madagaska. Mkongo wa BBS ulianza kutumika mwaka 2014. Tangu hapo setilaiti ikaacha kuwa mlango pekee.

Kwa Carama, hata hivyo, faida ya mkongo ilifika kwanza kupitia angani. Mnara wa simu ulipounganishwa na faiba, kasi ya simu zilizouzunguka ilipanda, na kampuni ya Lumitel ya Viettel kutoka Vietnam ilipoingia sokoni mwaka 2015 ushindani wa bando uliongezeka. Hiki ndicho kipindi cha modemu ya USB, kile kijiti kinachochomekwa kwenye kompyuta kikiwa na laini ya simu ndani, kisha kikaja kisanduku cha mfukoni kinachotoa Wi-Fi kwa watu kadhaa. Hicho cha mfukoni ndicho kilichokuwa ruta ya kwanza katika nyumba nyingi. Kilifundisha tabia ambayo haijaisha: kuhesabu megabaiti, kuzima data usiku, kumnyima jirani neno la siri. Ruta ya faiba haina haja ya tabia hizo mbili za kwanza. Ya tatu bado ni ya busara.

Faiba ya nyumbani hufanya kazi kwa namna inayostahili kuelezwa kwa utulivu, maana hapo ndipo uchaguzi wa ruta huharibika au kunyooka. Katika mfumo unaotumika zaidi duniani, uitwao GPON na uliowekewa kiwango mwaka 2003, uzi mmoja wa kioo hutoka kwa mtoa huduma ukiwa na uwezo wa gigabiti karibu 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi. Kwenye nguzo au kisanduku cha mtaani mwanga wa uzi huo hugawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32 au 64. Hakuna umeme unaohitajika hapo katikati. Mwanga ukifika nyumbani huingia katika kifaa kidogo cheupe ambacho mafundi hukiita modemu ya faiba. Kifaa hicho kina namba yake iliyosajiliwa kwa mtoa huduma, na kingine kilichonunuliwa dukani hakitakubaliwa bila idhini yake. Kwa hiyo mteja wa faiba hachagui modemu, anapewa. Anachochagua ni ruta inayokaa nyuma yake, ikiunganishwa kwa waya mfupi wa mtandao.

Hata hivyo, modemu nyingi za faiba zina Wi-Fi yake ndani, na swali la kwanza la haki ni kama ruta ya pili inahitajika kweli. Nyumba ya vyumba viwili yenye simu nne haiihitaji. Inahitajika pale Wi-Fi ya modemu ni ya bendi moja tu ya masafa, au fundi alipoiweka modemu pembeni kabisa, mahali faiba ilipoingilia, na chumba cha watoto kiko upande wa pili. Ikinunuliwa, ni vizuri mtoa huduma aombwe kuzima Wi-Fi ya modemu na kuiacha ipitishe data tu. Kazi ya kugawa anwani ifanywe na kifaa kimoja. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani, na visanduku viwili vinapozigawa kimoja nyuma ya kingine, simu za video na michezo ya mtandaoni huanza kusumbua bila sababu inayoonekana.

Maboksi ya ruta yamejaa namba, na namba kubwa kuliko zote ndiyo inayodanganya zaidi. Ruta iliyoandikwa AC1200 haitoi megabiti 1,200 kwa simu yoyote. Mtengenezaji amejumlisha 300 za bendi ya gigahezi 2.4 na 867 za bendi ya gigahezi 5, kisha akapandisha kidogo. Kila moja ni kasi ya nadharia, simu ikiwa karibu, na nusu yake ni mavuno mazuri. Baya zaidi, ruta nyingi za bei ya chini zenye maandishi hayo zina matundu ya waya ya megabiti 100, kwa hiyo intaneti haiwezi kuingia ndani ya ruta kwa kasi zaidi ya hiyo hata faiba ikileta 200. Mteja wa megabiti 20 hana cha kupoteza hapo. Anayelipia zaidi ya 100 anapaswa kusoma maandishi madogo na kutafuta neno gigabiti kando ya matundu, kabla hajatazama idadi ya antena.

Bendi mbili zina tabia tofauti. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita zipatazo 12, hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini ni bendi yenye msongamano: kwa kawaida njia tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo zinazotumika pamoja bila kuingiliana. Wimbi la gigahezi 5 lina nafasi nyingi na kasi kubwa, ila huchoka haraka likikutana na ukuta. Nyumba za tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, zenye milango ya chuma na madirisha ya nondo, hulichosha mapema kuliko nyumba za mbao na jasi ambazo watengenezaji wengi huzitumia kama mfano. Paa la bati halipitishi wimbi kwenda juu, jambo lisilo na hasara kwa nyumba ya chini. Ukuta wa ua nao hupunguza mawimbi ya majirani, na hiyo ni nafuu ambayo mkazi wa ghorofa la Nairobi hana. Kwa hiyo ruta ya Carama iwe na bendi zote mbili: ya 5 kwa sebule, ya 2.4 kwa vyumba vya nyuma. Iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji.

Katika viwanja vyenye nyumba ndogo ya uani, inayokaliwa na ndugu au mpangaji, hakuna ruta ya sebuleni itakayopenya kuta tatu na uwanja kwa uhakika. Vifaa vya kurudia mawimbi huuzwa kama tiba, lakini vile vya bei ndogo hutumia bendi ileile kupokea na kutuma, na kasi hupungua karibu nusu. Waya wa mtandao wa kawaida hufika mita 100 bila kupoteza kitu. Ukipitishwa ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi hadi kwenye ruta ya pili, kazi imekwisha kwa miaka kumi.

Umeme ni kipimo ambacho vitabu vya nje havikitaji kabisa. Umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la nchi, hukatika, na hurudi kwa mshituko unaoweza kuua kifaa. Modemu na ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na umeme usiozidi wati 12 kila kimoja, kiasi ambacho betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta inaweza kukibeba kwa saa kadhaa. Kwa kuwa kigawanyo cha faiba mtaani hakihitaji umeme, nyumba yenye betri inaweza kuendelea kuwa mtandaoni mtaa mzima ukiwa gizani, mradi kituo cha mtoa huduma kina jenereta. Waya wa shaba usiokingwa dhidi ya radi huleta balaa masika. Uzi wa kioo haupitishi umeme, lakini waya wa stima unaoilisha ruta unaupitisha, hivyo kuchomoa plagi mvua za radi zinapoanza kumebaki kuwa kinga ya uhakika kuliko zote. Anayenunua aangalie basi kwamba ruta inatumia volti 12 na tundu la kawaida la mviringo. Zile zenye volti za pekee hazina betri ya kuziokoa.

Usalama una historia fupi na ya kusikitisha. Kufuli la kwanza la Wi-Fi, WEP, lilivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA2 ilikuja mwaka 2004 na imeshika hadi leo, ingawa mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha ufa ndani yake uliohitaji kuzibwa kwa marekebisho ya programu. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. Kitufe cha WPS, kinachounganisha simu bila kuandika neno la siri, kiliwekwa ili kurahisisha maisha. Njia yake ya namba nane ilionyeshwa mwaka 2011 kuwa inaweza kubahatishwa kwa saa chache, na inafaa kuzimwa. Ruta isiyokuwa na angalau WPA2 isinunuliwe hata kwa bei ya bure, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ileile ya kwanza.

Mwezi Septemba 2024 Starlink ilianza kuuza huduma Burundi, na setilaiti ikarudi kwa sura nyingine. Setilaiti zake huzunguka umbali wa kilomita takriban 550 tu, kwa hiyo ile nusu sekunde ya zamani imetoweka. Dishi lake huja na ruta yake, na mnunuzi wa toleo la zamani hana budi kujua kwamba halikuwa na tundu la waya wa mtandao bila kifaa cha ziada. Palipo na faiba, faiba inabaki tulivu zaidi wakati wa mvua nzito.

Kwa nyumba ya Carama iliyovutiwa faiba ya megabiti 20 au 50, ruta ya bei ya kati yenye bendi mbili, WPA2 au WPA3 na umeme wa volti 12 inatosha. Fedha ambazo zingeenda kwenye kisanduku cha antena nane zinunue betri ya akiba na waya wa kufika nyumba ya uani.